Mpira wa Upande wa Kushoto

Tangu nirudi mmeniuliza mara nyingi, pale gereji na hata kwenye simu, safari ya Rufiji ilikuwaje, na mimi nawajibu "salama" halafu nachukua spana. Nyinyi ni marafiki zangu, mnajua mimi si mtu wa majibu mafupi. Nimeona niandike, maana kwenye kuandika hakuna anayenitazama usoni. Mahali pa kucheka papo, hasa huku mwanzoni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Kwa yule asiyejua: niliitwa na Bi Somoe, mfanyabiashara wa kambamiti pale Nyamisati. Alikuwa amenunua boti ya jeti iliyokaa muda mrefu bila kazi huko juu Mloka, karibu na hifadhi ya wanyama. Boti ya namna hii haina panga la kuzunguka nyuma. Inavuta maji chini ya tumbo lake na kuyasukuma nyuma kwa nguvu, kwa hiyo inapita hata penye maji ya magotini na haina cha kunasa kwenye mizizi ya mikoko. Kwa watu wa delta ni neema. Tatizo ni kwamba mipira ya maji ya kupoza injini ilikuwa imekauka na kupasuka, na kazi yangu ilikuwa kuweka mipya. Nikamwambia Bi Somoe ni kazi ya asubuhi moja. Mnanijua.

Mbagala hadi Kibiti

Basi letu lilipasuka tairi Kimanzichana, na tairi la akiba likakutwa nalo halina upepo. Tukakaa chini ya kibanda cha muuza mihogo hadi jua likageuka. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mmoja anakwenda Umwe kumwona bintiye aliyejifungua, ana mfuko wa korosho za kukaanga ambao tuliumaliza pamoja ingawa ulikuwa wa mzazi.

Nilimweleza kazi yangu kwa kirefu. Nikamwambia ekzosi ya gari inapozwa na upepo, lakini injini ya boti imefungiwa ndani, upepo hauipati, kwa hiyo manifodi, yale mabomba ya chuma yanayopokea moto wa injini, hutengenezwa kwa kuta mbili na maji hupita katikati ya kuta hizo. Nikamwambia maji lazima yaingie chini na yatokee juu, ili yaisukume hewa yote nje. Ukigeuza, yakaingia juu na kutokea chini, hewa inabaki imekaa kule juu kama ukikizamisha kikombe kifudifudi kwenye ndoo, na penye hewa chuma hakina maji, kinaungua.

Mama alisikiliza kwa adabu, akaniuliza, "Na ikikosewa je, baba?"

Nikamwambia haiwezi kukosewa ikishikwa na mtu anayejua. Nilisema hivyo kwa mdomo huu huu, umejaa korosho za mzazi.

Kibiti

Boti nilikuta imeshushwa na lori la Fuso kwenye uwanja wa mbao, na nahodha wake ananisubiri. Anaitwa Athumani, mtu mzima mwenye maneno machache, amezaliwa kwenye visiwa vya delta na ameendesha vyombo vya watu tangu ujana wake. Alikuwa amenunua chai, chapati na kisahani cha samaki, akanitaka nile kabla sijagusa kitu.

Nilikuwa nimeagiza mipira ya zamani ije na boti ili nikate mipya kwa kipimo chake. Haikuwepo. Kule Mloka wenyeji walidhani mpira uliopasuka hauna kazi, wakauchoma pembezoni mwa mashamba usiku tembo walipokuja, maana moshi wa mpira tembo haupendi. Siwezi kuwalaumu, mahindi yao yalipona. Lakini mimi nikabaki nakisia.

Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Maji yanaingia chini, yanatokea juu, safi kabisa. Upande wa kushoto tundu la chini lilikuwa limejificha nyuma ya kitako cha betri, na mpira ulipaswa kukizunguka. Niliupima, nikaukata, nikaukuta umepungua kama shubiri. Nilikuwa nimekata vibaya, wala si zaidi ya hapo. Mpira wa namna ile Kibiti haukupatikana.

Athumani akaniambia, "Fundi, piga simu Dar, basi la kesho lilete mwengine. Siye hatuna haraka. Maji yapo kila siku."

Kulikuwa na watu wamekaa kwenye magogo wananitazama, na nilikuwa nimeshawatangazia kwamba jioni boti itakuwa Nyamisati. Nikamjibu, "Nahodha, nikisema leo ni leo."

Nikauingiza ule mpira mfupi kwenye tundu la juu, ambalo lilikuwa karibu, na lile la chini nikalipa kipande cha kutolea maji nje ya ubavu. Yaani niligeuza. Nilijua ninachofanya, wakati ule ule nilijua. Nikajiambia maji ni maji, yatafika tu. Nikakaza klipu, nikafunika kifuniko cha injini, nikanawa mikono na wale watu wa kwenye magogo wakanipongeza.

Kibiti hadi Nyamisati

Tulirudi barabara kuu mpaka Bungu, tukakata kuelekea pwani. Boti ilikuwa juu ya Fuso, na kabla hatujafika mbali kila aliyetaka lifti alikuwa amepanda ndani yake. Kulikuwa na bibi mmoja amekaa kwenye kiti cha nahodha, amefungua mwavuli, anasalimia watu njiani kama kiongozi kwenye ziara. Mvua ilikuwa imenyesha, Fuso likazama tope kabla ya kijiji fulani, na abiria wote wakashuka isipokuwa yule bibi, aliyesema yeye amepanda boti na boti haijazama.

Watu wa nyumba ya jirani walituletea ndizi za kuchemsha na chai ya rangi huku tukichimba. Hatukuwajua na wao hawakutujua. Athumani alichimba kuliko sote, na mimi alinikataza. "Weye mikono yako ni ya injini," akasema. Nikakaa, nikala ndizi.

Nyamisati tulipofika mzee mmoja alizunguka nyuma ya boti, akainama akachungulia, akanijia kwa huruma. "Fundi, panga wamekwisha liiba." Nilimweleza kwamba haina panga. Akaitikia kwa kichwa, lakini niliona kabisa amebaki na yake moyoni.

Asubuhi yake boti ilikabidhiwa. Pale chombo hakipewi mtu hivi hivi. Ubani ulifukizwa, dua ikasomwa, watu wakala ubwabwa, kisha Bi Somoe akasimama na ufunguo. Ni mama mnene mwenye sauti ya chini, mjane, na boti ile ilikuwa na mali yake yote ndani.

"Athumani, chombo hiki nakukabidhi mbele ya watu hawa."

"Nimepokea, Bi Somoe. Lolote litalokipata ni juu yangu."

Niliona ni maneno mazuri. Nilidhani ni maneno tu, kama tunavyosema "karibu tena" kwa mteja.

Nyamisati hadi Salale

Safari ya kwenda Salale, kijiji cha visiwani tulikofuata kambamiti, ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyonipumbaza. Maji yalikuwa yamejaa, mikoko imesimama ndani ya maji pande zote, na Athumani aliendesha taratibu, anakisoma chombo kigeni. Kwa mwendo ule hata manifodi ya kushoto ilivumilia. Nilipoigusa ilikuwa na joto kuliko mwenzake, lakini si la kutisha, nikaona nimebahatika.

Salale walitupokea kama maharusi. Watu wa visiwa vile wanavua, wanalima mpunga, na kila wanachouza lazima kipite majini. Zamani kambamiti wakichelewa mtumbwini wanaoza, mnunuzi anawakataa. Sasa wakaambiwa boti hii itawafikisha Nyamisati barafu haijayeyuka. Tulipikiwa wali mpya wa shambani kwao na kambamiti wa nazi, na mama wa nyumba alinichagulia wakubwa akaniwekea upande wangu. Kila mtu aliniita Fundi. Nilikula nikaongezwa, na nikatoa hotuba ndogo kuhusu injini ambayo sasa nikiikumbuka nafunika uso peke yangu chumbani.

Salale kurudi

Kesho yake tulipakia masanduku ya kambamiti wa kaya karibu zote za pale, na barafu juu yake. Kwenye boti tulikuwa wawili, mimi na Athumani. Maji yalikuwa yameanza kupwa, kwa hiyo safari hii alikaza mwendo ili tuvuke sehemu za kina kifupi kabla hazijakauka. Ndiyo kazi boti ile ilinunuliwa kufanya.

Hatukufika nusu ya njia. Nilianza kunusa mpira unaungua, kisha moshi ukatoka chini ya kifuniko, na mpira mkubwa wa ekzosi ya kushoto ukafunguka kwa mlio. Athumani alizima injini. Boti ikaenda yenyewe kidogo ikalala kwenye tope, na maji yakaendelea kuondoka, bila hasira, mpaka tukabaki tumekaa katikati ya uwanja wa matope na kaa wadogo wekundu wanatutazama mlangoni mwa mashimo yao.

Nikafungua kifuniko. Manifodi ya kushoto juu ilikuwa imebadilika rangi, na chini ilikuwa ya baridi, unaweza kuishika. Sikuhitaji kufikiri. Ilikuwa imeandika kosa langu kwa rangi.

"Nini, Fundi?" Athumani akauliza.

Nikasema, "Labda tumevuta mchanga, umeziba."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yangu. Hakuna aliyenishika koo. Tulikuwa watu wawili kwenye tope, na mmoja alikuwa mtu mwema.

Hatukuwa na la kufanya ila kungoja maji yarudi. Nikasema nitatumia muda huo kusafisha. Nikang'oa kitako cha betri, kazi ya muda mfupi tu ambayo ningeifanya Kibiti, na kilipotoka ule mpira mfupi ukapata njia ya kunyooka ukalifikia tundu la chini. Nikageuza yote, maji yaingie chini, yatokee juu. Athumani alikuwa amekaa karibu nami muda wote, ananipa spana. Alitazama mpira ukitoka juu na kushuka chini. Aliona kwamba ndani yake hamkuwa na hata chembe ya mchanga. Akaninyooshea klipu.

Jua lilikuwa kali na barafu ilikuwa inayeyuka, maji yake yakitiririka sakafuni mwa boti. Tukafunika masanduku kwa matawi ya mikoko. Athumani alifungua chakula alichofungiwa na mkewe, ubwabwa wa baridi na kipande cha papa mkavu, akakigawa, na kile kipande cha papa akakisogeza upande wangu.

"Nina shibe," nikamwambia.

"Kula. Mgeni hashindi na njaa kwenye chombo changu."

Nikala. Sijui kwa nini nawaambia hili, ila nadhani ndilo linaloniuma kuliko moshi.

Nyamisati

Maji yaliporudi tuliizungushia ekzosi gunia lililoloa, tukajikokota. Injini haikuchemka hata kidogo. Tulifika jua likielekea kushuka, na mnunuzi alikuwa ameondoka na gari lake la barafu. Masanduku yalipofunguliwa hapakuwa na haja ya kuuliza, harufu ilijibu. Watu wa Salale walikuwa wamepoteza mavuno yao ya siku zile, na wenzao waliokuwa pale bandarini wakaanza kusema kwa sauti.

Bi Somoe akaja akasimama mbele ya boti. "Athumani, kumetokea nini?"

Athumani alishuka majini kwanza, akasimama wima. "Bi Somoe, ni juu yangu," akasema, kisha akanyamaza. Alinyamaza kwa muda. Hakunitazama, lakini alinyamaza kwa muda, na bandari nzima ikanyamaza pamoja naye.

Mimi nilidhani ananisitiri. Nilidhani ameamua kunibebea, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipumua. Nikainamia kifuniko cha injini nikajifanya nakaza klipu.

Basi akaendelea. "Nilikata njia ya mkato penye mchanga. Nimekiharibu chombo." Akatoa ufunguo akaurudisha mwenyewe, bila kuombwa. Bi Somoe aliupokea, akasema kesho kitatafutiwa mtu mwingine. Nikaona mkono wa Athumani ukibaki wazi kidogo baada ya ufunguo kutoka.

Jioni ile nililala kwa Bi Somoe. Nilipewa wali, nikapewa godoro, nikapewa pole ya safari.

Nyamisati kwenda Bungu, na kurudi

Asubuhi nilipanda pikapu ya kwenda Bungu. Nyuma tulikuwa mimi na mama mmoja muuza mikeka. Alikuwapo bandarini jana, na alikuwa anasikitika.

"Athumani maskini," akasema. "Na mie nilidhani si yeye."

Nikamuuliza kwa nini alidhani hivyo.

"Si alinyamaza? Kwetu nahodha lazima aseme ni juu yangu, hata kama kosa la mwengine, maana chombo chake. Kisha hunyamaza, mwenye kosa adakie. Aseme, 'Hapana nahodha, ni mie.' Hapo watu husamehe wote wawili, yanakwisha. Jana kanyamaza weee, hakudakia mtu. Basi ndo tukajua kweli kosa lake mwenyewe."

Kumbe hakuwa ananificha. Alikuwa amenifungulia mlango, ameushikilia mbele ya watu wote, na mimi nimekaza klipu.

Nikagonga paa la pikapu. Mama akauliza kama nimesahau kitu, nikamwambia ndiyo, nimesahau. Bodaboda ikanirudisha Nyamisati, na njia nzima nilijipangia maneno kama mtoto anayetumwa dukani.

Nilikuta watu wamekusanyika tena. Mtu mzima mmoja aitwaye Mfaume alikuwa amesimama na kanzu safi, ubani unafuka, Bi Somoe ana ufunguo mkononi. Athumani alikuwapo pia, kwa nyuma, maana asingekuja ingeonekana ana kinyongo. Nikapita katikati ya watu nikasema yote. Nikasema mpira niliukata mfupi, nikaugeuza makusudi kwa sababu ya kujiona, mchanga haukuwepo, na jana nilinyamaza. Sauti yangu ilikuwa ndogo na niliambiwa nirudie ili walio nyuma wasikie, nikarudia.

Bi Somoe alinitazama. "Fundi, jana ulikula wali wangu na neno hili li tumboni?"

"Ndiyo, Bi."

Laiti angenitukana. Aligeuka tu akamnyooshea Athumani ufunguo. "Athumani, njoo uchukue chombo chako."

Athumani hakusogea. "Hapana, Bi Somoe. Mie nilisema mbele ya watu hawa ni juu yangu, nikangoja, mtu hakutokea, nikasema njia ya mkato. Nimekwisha sema. Nikiupokea leo, siku nyengine nikisimama hapa na neno kama lile, nani atanisadiki? Mpe Mfaume."

Watu wazima wawili watatu walijaribu kumsemesha. Aliwasikiliza wote kwa heshima na jibu likawa lile lile. Mimi nikamwendea, nikamwambia, "Nahodha, nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kwenye tope," akasema. "Nilidhani utasema kabla sijamaliza." Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ya kazini, "Ile mipira sasa imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, Nahodha."

"Nahodha ni yule. Mwonyeshe."

Nikampandisha Mfaume kwenye boti, nikafungua kifuniko nikamwonyesha, kulia na kushoto, maji yanaingia wapi na yanatokea wapi. Nilimweleza mara mbili, na sikuinua kichwa hadi nilipomaliza.

Juzi Mfaume amenipigia simu kunishukuru. Anasema anakwenda Salale na kurudi kwa mwendo wowote, manifodi zote mbili unaziwekea kiganja. Nilimuuliza habari za Athumani. Akasema hajambo, anapiga kasia kwenye mtumbwi wa shemeji yake, anapeleka kaa. Boti ikimpita kwenye mkondo, Mfaume hupunguza mwendo ili wimbi lisimlowanishe, na Athumani humwinulia mkono.

Basi ndiyo hivyo. Mkiniuliza tena kama kazi ya Rufiji ilikwenda vizuri, injini ile haichemki.